Andika Kwanza

Saa nane usiku umeme wa Arua umekatika,
na kwa mara ya kwanza nilikuwa nausubiri.
Chai imeshika utando. Kompyuta inakula betri.
Kisanduku cha seva, juu ya gunia la muhogo wa mama mkwe,
kimezima taa yake ya kijani nikiwa nakitazama.
Sawa. Kufa. Kufa vilevile ulivyokufa Jumanne.

Jumanne Eyotaru alipoteza laki tatu na elfu kumi na mbili.
Anauza samaki wakavu wa Panyimur;
mshirika wake yuko Ariwara, ng'ambo ya mpaka,
mtu ambaye hajala naye chumvi hata siku moja.
Ndiyo maana ya mfereji: fedha zimefungiwa humo,
kufuli moja, funguo mbili,
na kila mzigo ukivuka wanasainiana hesabu mpya,
wanaichana ya zamani.
Sheria ni hiyo tu. Ya mwisho ndiyo kweli.
Anayeonyesha ya zamani ni mwizi,
na mwizi hunyang'anywa zote,
bila kesi, bila mwenyekiti wa mtaa.

Umeme ukarudi, kisanduku kikaamka,
kikaonyesha ya zamani.

Alikuja dukani, hakupaza sauti.
"Ejoyi, chombo chako kimeniita mwizi
mbele ya mtu nisiyemjua sura."
Akanunua chaja ya elfu tano, akalipa taslimu, akaenda.

Basi nikaufungua msimbo alioniachia Onzima
alipopata mshahara Kampala.
Kazi moja, mistari mia tisa, jina lake *shughulikia*:
inapokea, inahesabu, inasaini, inatuma, inajibu,
inajiita yenyewe ikikwama.
Humo kuna x, kuna x_mpya,
kuna x_mpya_kweli,
na juu ya mstari wa mia sita na nne kuna wosia:
*Usiguse hapa. Inafanya kazi. Sijui kwa nini.*

Nimegusa.
Usiku wa nne sasa ninachambua kama mchele wenye mawe.
Wewe utahesabu tu. Wewe utasaini tu.
Wewe, x_mpya_kweli, utaitwa salio, jina la heshima.
Hakuna nilichoongeza; mteja hataona kitu.
Ni kufagia ndani ya ukuta.
Mara mbili nimebomoa nisichokijua, nikarudisha,
nikamtukana Onzima, nikampigia,
akacheka, akasema hata yeye aliurithi.

Na msimbo ulipopungua, ukapumua,
ndipo nikaiona, mistari miwili jirani:

    mwambie mwenzako: ya zamani nimeichana
    andika mpya kwenye diski

Kati yake ufa,
mwembamba kuliko kupepesa jicho.
Umeme wetu ukauona, ukapita humo humo.

Hakikuiba. Kilisahau.
Kiliahidi kabla ya kuandika,
kikalala na ahadi mdomoni, kikaamka nayo haipo.

Nikapandisha wa chini juu.
Marekebisho yote ni hayo; mia tisa ilikuwa njia ya kufika.
Nimechomoa waya mara thelathini na tisa.
Hii ya arobaini wameichomoa wao.

Gizani nikakumbuka nami nina mistari yangu miwili.
Siku ya kwanza nilimwambia Eyotaru, kwa mdomo, nikitabasamu:
haitapotea hata shilingi.
Sikuandika popote.

Saa kumi na robo taa ya kijani.
Kisanduku kikaiuliza Ariwara: tumefikia ngapi?
Pande zote mbili zikataja namba moja.
Sikushangilia. Mtoto amelala.

Nikatoa daftari la duka, ukurasa wa wadai,
penye deni la sukari na la fundi jenereta.
*Eyotaru, 312,000. Nalipa mimi.*
Saini. Tarehe.
Wino ulikuwa unakwama, nikaupitishia mara ya pili.

Sasa naweza kwenda sokoni kumwambia.